Ushauri: Jioni ya muziki na sanaa za Kipalestina hapa Bridgeview, tuipangeje?

TangaMpakaIllinois:
Habari zenu wakuu. Naishi Bridgeview, kusini-magharibi mwa Chicago. Wapalestina ni wengi hapa, na familia nyingi asili yao ni Beitunia, karibu na Ramallah. Sisi Waswahili tuko wachache, lakini tunaishi nao vizuri. Tunaalikana harusini na tunazikana.

Majirani tumekubaliana kuandaa jioni moja ya muziki na sanaa zao. Ukumbi upo, programu nimekabidhiwa mimi. Yananitatiza mawili. Kuna wazee wanaosema haifai kupiga muziki huku Gaza watu wanazika. Kina mama wa Kipalestina wenyewe wanasema wakinyamaza, ndipo watakuwa wamemalizwa kweli. La pili, vijana wetu wanataka kupanda jukwaani na taarab. Nahofia tusije tukaipora shughuli ya wenyewe. Naombeni ushauri, hasa mliowahi kusimamia mambo haya.

BintiWete:
Pole na jukumu, kaka. Hilo la kwanza msiliamue nyinyi. Nendeni kwa familia zilizofiwa, mkae nao, muwaulize. Wakiridhia, anzeni kwa kuwakumbuka marehemu, na msomaji awe mtu wao. Kumbukeni pia kuna Wapalestina Wakristo, kwa hiyo kila mtu apewe nafasi ya kuomba kwa imani yake.

Wazee waelezwe kwamba sanaa ya watu hawa haijawahi kuwa starehe tupu. Intifadha ya kwanza, yale maasi ya Wapalestina dhidi ya ukaliaji wa Israeli, ilipoanza 1987, kupeperusha bendera yao kulikuwa marufuku. Wanawake waliidarizi kwenye magauni, kifuani, wakatoka nayo njiani. Mtu aliyefika huko huwezi kumwambia kudarizi ni anasa.

FundiMitambo:
Mkuu, angalia sakafu kwanza. Dabke, ile ngoma yao ya kucheza kwa mstari, ni kukanyaga: watu wameshikana mikono, mguu unashuka kwa pamoja, kiongozi wa mstari anazungusha leso au tasbihi. Ukumbi ukiwa na zulia utapoteza nusu ya utamu. Tafuta mbao. Udi, kile chombo cha nyuzi, una sauti ya chini, uwekee maikrofoni yake peke yake. Yarghul, ile filimbi yao ya mianzi miwili, isogeze mbali na maikrofoni, ina sauti kali sana. Na acheni nafasi pana mbele ya jukwaa, maana dabke ikikolea hakuna anayebaki kitini.

KanuniYaUnguja:
Kuhusu taarab, mimi nasema pandeni, ila kwa adabu. Udi, kanuni (ile ya nyuzi nyingi) na nai (filimbi) ni vyombo vyetu sote, na Zanzibar tumevipiga tangu enzi za kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa, 1905. Pigeni kipande kimoja tu, kisicho na maneno, pamoja na mpiga udi wao. Bayati, ile makamu ya muziki wa Kiarabu, inatosha, ataijua na nyinyi mnaijua. Yeye aanze taksimu, yaani kupiga peke yake kwa kubuni papo hapo, kijana wenu afuate. Msipeleke bendi nzima.

MamaSwafaa:
Hapo sikubaliani na wewe, ndugu yangu. Usiku huu ni wao. Taarab tunazo harusini kila mwezi. Vijana wetu wapokee wageni, wapange viti na wagawe chakula. Heshima ni hiyo.

TangaMpakaIllinois:
Ahsanteni sana. Mama Swafaa, nimekuelewa. Nitawauliza wanamuziki wao, na wakisema hapana basi hapana. Sasa maonyesho: kina mama wana magauni ya kudarizi ya bibi zao. Niyatundike ukutani?

BintiWete:
Usiyatundike tu yakawa mapambo. Kila gauni liandikwe kijiji lilikotoka, kwa sababu zamani mtu alijulikana kwao kwa mishono yake. La Ramallah lina uzi mwekundu juu ya kitani, la Bethlehem lina nyuzi za hariri na za dhahabu kifuani. Mwenye gauni akae kando yake, na watoto waruhusiwe kuuliza. UNESCO, shirika la utamaduni la Umoja wa Mataifa, iliutambua udarizi huu 2021, lakini bibi aliyeushona mkono wake atakueleza zaidi ya cheti chochote.

Ukipata bibi anayejua hikaye, zile hadithi za kina mama, mpe kiti chake na nusu saa nzima. Asimulie kwa Kiarabu chake cha kijijini, mjukuu afasiri. Hilo liwe kabla ya chakula, watu wakishakula musakhan, ule mkate wao wa kuku na vitunguu, hakuna atakayesikiliza.

TangaMpakaIllinois:
Hili la hikaye sikuwa nalo kabisa kwenye ratiba, naliingiza leo. La mwisho: kiingilio kiwe na bei, au mchango wa hiari?

MamaSwafaa:
Hiari. Ila mtangaze mapema pesa zinakwenda wapi, na anayeshika daftari awe mmoja wao. Zihesabiwe palepale ukumbini, mbele ya watu, kabla taa hazijazimwa.