Mada: Msaada wa rejea na mpangilio wa kazi za chuo

Kutoka: mwanafunzi wa uzamili, Sheffield

Habari zenu wanajumuiya, na shikamooni wakubwa.

Nimeanza uzamili wa afya ya jamii Septemba hii. Kazi ya kwanza ni maneno 3,000 kuhusu vifo vya uzazi Tanzania, na inakusanywa Ijumaa ya wiki ijayo. Mwongozo wa kozi unasema tu tutumie mtindo wa rejea wa Harvard. Rafiki yangu aliyeko Leeds naye anatumia Harvard, lakini tukilinganisha, koma na mabano yake hayakai kama yangu. Nani yuko sahihi?

Halafu, karibu nusu ya vyanzo vyangu ni ripoti za Wizara ya Afya na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, nyingine ziko kwa Kiswahili. Zinakubalika huku? Na jambo linaloninyima usingizi zaidi: nikisoma makala na kuandika upya kwa maneno yangu, bado naona sentensi ni ileile ya mwenyewe. Shuleni tulisomea noti za mwalimu, na hakuna aliyetuuliza zimetoka wapi. Nisaidieni tafadhali.

Jibu: dada, Birmingham (maktaba ya chuo)

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kufika.

Nafanya kazi kwenye dawati la maktaba linalosaidia wanafunzi na rejea, kwa hiyo maswali yako nayasikia kila muhula. Wewe na rafiki yako wote mko sahihi. Harvard haina kitabu kimoja rasmi wala ofisi inayoisimamia. Ni jina la utaratibu wa kutaja mwandishi na mwaka ndani ya maandishi, na chimbuko lake linahusishwa na Edward Laurens Mark, mwanazuolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeutumia kwenye makala yake ya mwaka 1881. Vyuo vingi Uingereza vimeuchukua na kuuwekea vionjo vyao. Kimoja kinaanza kutumia "et al." (yaani "na wenzake") waandishi wakifika watatu, kingine wakifika wanne. Kwa hiyo usiige ya Leeds wala usiitafute kwenye YouTube. Nenda kwenye ukurasa wa maktaba ya chuo chako, pakua mwongozo wao wa Harvard, na huo ndio uwe sheria yako hadi umalize. Ukisahihishwa, utasahihishwa kwa huo.

Sasa niende kwenye hilo linalokunyima usingizi, maana koma hujifunza mtu jioni moja, lakini hili ndilo linalowafikisha watu mbele ya kamati za nidhamu. Chukua sentensi hii niliyoitunga kwa mfano: "Upungufu wa wakunga vijijini huchelewesha rufaa za wajawazito na kuongeza hatari ya kupoteza damu nyingi." Wengi wataandika: "Uhaba wa wakunga mashambani hukawiza rufaa za wajawazito na kuzidisha hatari ya kutokwa na damu nyingi." Maneno yamebadilika lakini mwili wa sentensi ni uleule, hatua kwa hatua. Hata ukiweka jina la mwandishi mwishoni, msahihishaji anayejua makala ile atasema umenakili.

Fanya hivi. Soma aya nzima, si sentensi moja. Funga makala. Jiulize: huyu ananiambia nini, na kinanisaidia nini kwenye hoja yangu? Mweleze mtu kwa sauti, kwa Kiswahili kabisa, kama unavyomsimulia dada yako. Kisha ndipo uandike. Mfano ule unaweza kutoka hivi: "Mama anayevuja damu anahitaji mtu wa kumtambua mapema na kumpeleka hospitali, kijiji kisipokuwa na mkunga, muda huo hupotea bure (Fulani, 2020)." Wazo ni la Fulani, ndiyo maana jina lake lipo. Lakini mpangilio ni wako, na umelielekeza kwenye jambo unalolitetea wewe. Sisi tunaofikiri kwa lugha mbili tuna nafasi nzuri sana hapa, kwa sababu ukishalipitisha wazo kwenye Kiswahili, ile sentensi ya Kiingereza haikukamati tena.

Ukinukuu neno kwa neno, weka alama za nukuu na namba ya ukurasa. Na ukikuta kwenye kitabu cha B maneno ya A, nawe hujamsoma A, sema wazi kwamba A amenukuliwa na B, na kwenye orodha ya marejeleo mwandike B peke yake. Usimworodheshe mtu ambaye hukumfungua.

Turnitin, programu ambayo vyuo hutumia kulinganisha kazi yako na maandishi mengine, isikutie hofu. Ile asilimia ni kiasi cha maneno yanayofanana na maandishi yaliyomo kwenye hazina yao, basi. Haisemi umeiba au hujaiba. Orodha ya marejeleo yenyewe hufanana na za wengine, nukuu halali pia. Asilimia 25 inaweza kuwa safi kabisa, na asilimia 8 ikawa aya moja nzima iliyobebwa. Fungua ripoti, angalia rangi zimekaa wapi.

Kuhusu vyanzo vya nyumbani: vinakubalika, na mimi nasema vinatakiwa. Utaandikaje kuhusu akina mama wa Kigoma bila takwimu za nchi yao? Taasisi ndiyo mwandishi. Iandike kwa jina kamili mara ya kwanza, kisha ufupisho. Kichwa cha ripoti ya Kiswahili kiache kwa Kiswahili. Kama mwongozo wako unataka tafsiri, inawekwa kando kwenye mabano ya mraba, lakini usikifute cha asili, maana anayetaka kuitafuta ripoti hiyo ataikosa.

Pakua Zotero leo, programu ya kutunza vyanzo na kukupangia rejea. Ni bure, inafanya kazi ndani ya Word, na ilianzishwa mwaka 2006 na watu wa Chuo Kikuu cha George Mason kule Marekani. Ila kuna mahali inawaumiza watu wetu. Sehemu ya mwandishi ina visanduku viwili, cha jina la ukoo na cha majina mengine. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ikigawanywa humo, itatoka "Takwimu, O. ya T. ya", na msahihishaji hatajua umesoma nini. Pembeni ya jina kuna kitufe kidogo cha kugeuza visanduku viwili kuwa kimoja. Kibonyeze kwa kila taasisi. Fanya hivyo hata kwa Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye maktaba humpanga kwenye N ya Ngũgĩ. Thiong'o ni jina la baba yake, na "wa" ni "wa" ileile tunayoijua sote.

Majina ya pwani nayo yanahitaji macho. Mtu akiitwa Said Ahmed Mohamed, wataalamu wa Kiswahili humworodhesha kwenye Mohamed. Angalia wasomi wa eneo hilo wamemwandikaje, kisha ushike njia moja kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Jibu: kaka, Minneapolis

Dada amemaliza. Naongeza kwa walio upande huu wa Marekani, ambako wengi tunakutana na APA, mtindo wa rejea wa Chama cha Saikolojia cha Marekani, hasa kwenye uuguzi, elimu, saikolojia na kazi za ustawi wa jamii.

Toleo linalotumika ni la 7, lililotoka mwishoni mwa 2019. Ukikuta mwongozo unaokutaka uandike mji wa mchapishaji, huo ni wa zamani. Toleo la 7 limeuondoa. Pia waandishi wakiwa watatu au zaidi, "et al." inaanza mara ya kwanza kabisa unapowataja ndani ya maandishi.

Tazama kitabu kimoja cha Mwalimu kinavyobadilika kati ya APA na MLA, mtindo wa watu wa lugha na fasihi. APA: Nyerere, J. K. (1968). *Ujamaa: Essays on socialism*. Oxford University Press. MLA: Nyerere, Julius K. *Ujamaa: Essays on Socialism*. Oxford UP, 1968. Kwenye APA mwaka uko mbele kwa sababu sayansi inataka kujua mapema habari ni ya lini, na herufi kubwa imebaki kwenye neno la kwanza la kichwa na neno linalofuata nukta mbili. MLA imelitoa jina kamili la mwandishi na kuupeleka mwaka mwishoni, kwa kuwa wanafasihi wanajali zaidi ukurasa. Ndani ya maandishi wao huandika jina na ukurasa bila mwaka.

Mpangilio: nafasi mbili kati ya mistari, kwenye orodha ya marejeleo pia. Pambizo inchi 1 kila upande, yaani sentimita 2.54. Times New Roman 12 au Calibri 11 zote zinaruhusiwa. Mstari wa kwanza wa kila rejea unaanzia ukingoni na inayofuata inaingia ndani nusu inchi. Usibonyeze spesi moja moja, ukihariri kidogo tu kila kitu kitavurugika. Chagua orodha yote, bonyeza Ctrl na T kwenye Word, imekwisha.

Waliokuja na kompyuta kutoka nyumbani, angalieni ukubwa wa karatasi. Zetu zimewekwa A4, na Marekani wanatumia Letter, ambayo ni pana kidogo na fupi zaidi. Kurasa zinahama zote ukichapa.

La mwisho, na nalisema kwa uzito. Programu za akili bandia zinatunga rejea. Zinakupa jina la mtaalamu wa kweli, jarida la kweli, mwaka unaoaminika, na makala ambayo haijawahi kuandikwa. Kila rejea yenye DOI, yaani namba ya kudumu ya kuitambulisha makala mtandaoni, bandika DOI hiyo kwenye kivinjari ikianza na https://doi.org/ uone inafungua nini. Isipofunguka, au ikileta makala nyingine, itoe.

Jibu: mama, Toronto

Asanteni sana wanangu. Binti yangu yuko sekondari na wameanza MLA, nimemsomea haya yote. Naomba wenye watoto wadogo wajue kwamba maktaba za mtaa nazo zina wakutubi wa kuwasaidia wanafunzi bila malipo, mtu asione aibu kwenda.

Jibu: mwanafunzi wa uzamili, Sheffield

Nashukuru mno. Nimepata mwongozo wa maktaba yetu na Zotero imeshaingia. Swali moja limebaki. Bibi yangu ni mkunga wa jadi, amezalisha wanawake wengi kijijini. Nataka nimhoji kwa WhatsApp wikiendi hii nimnukuu. Sauti ya WhatsApp inarejelewaje?

Jibu: dada, Birmingham

Subiri kidogo mdogo wangu, kabla hujampigia.

Mazungumzo binafsi yana namna yake. APA, kwa mfano, huyataja ndani ya maandishi tu, na jina na tarehe kamili, bila kuyaingiza kwenye orodha, kwa sababu msomaji hawezi kuyafikia. Miongozo mingi ya Harvard ina kipengele chake, kitafute kwenye wa kwenu. Lakini hapo tunasema juu ya mtu aliyekupa taarifa kwa kupita. Ukimhoji bibi kwa maswali uliyoyapanga ili majibu yake yawe ushahidi wa kazi yako, huo ni utafiti unaohusisha watu. Vyuo vya Uingereza vinataka kibali cha maadili kabla ya mahojiano, si baada yake, na hakitolewi kwa wikiendi moja. Pia anataja wanawake wengine na uzazi wao, na hao hawajaulizwa.

Kwa kazi hii ya Ijumaa, tafuta makala zilizochapishwa kuhusu wakunga wa jadi Tanzania, zipo. Mwandikie msimamizi wako sasa kwamba ungependa bibi na wenzake wawe sehemu ya tasnifu, na umuulize fomu ya maadili inajazwa lini. Ukikubaliwa, mweleze bibi kwa Kiswahili maneno yake yatakwenda wapi, na umuulize kama anataka jina lake litajwe au lifichwe. Wengi wa wazee wetu, wakiulizwa, wanataka litajwe. Likitajwa kwa ridhaa yake na chuo kikakubali, liandike vizuri, kamili, kama anavyojiita yeye.

Nitumie ukurasa mmoja wa orodha yako Jumatano jioni, niupitie kabla hujakusanya.