Koma imenikosesha mteja, na hii "small brown leather bag" nani aliipanga?

MamaMikoba
Hamjambo jamani. Mimi nauza mikoba ya ngozi hapa Mji wa Kale, wateja wengi ni wageni tunaongea kwa WhatsApp. Juzi mmoja kaniuliza kama hiyo ndiyo bei ya mwisho, mimi nikamjibu haraka haraka huku namfungia mtu mzigo: "No discount is there for two bags". Nilitaka kumwambia la, punguzo lipo ukichukua miwili. Akanyamaza kimya. Binti yangu kaja kuisoma akacheka mpaka akakaa chini, ati mama umemwambia punguzo hakuna hata akichukua miwili. Sasa nielewesheni, kosa ni koma tu au kuna zaidi? Na jengine, kila nikiandika "leather brown small bag" yuwanigeuzia "small brown leather bag", nikimuuliza kwa nini, ati ndivyo inavyosikika. Kusikika kivipi?

MaalimKisauni
Dada, ni yote mawili. Sisi tukisema "la... punguzo lipo" ile pumzi mtu anaisikia, kwenye simu pumzi haionekani, ndio "no" ikaenda ikaganda na "discount". Lakini hata ungetia koma, "discount is there" ni Kiswahili hicho, maneno tu ndio ya Kizungu. Andika "No, there is a discount for two bags."

Sisi tuna raha moja, kitenzi chetu chabeba kila kitu. Waweza kusema "mteja ameununua mkoba" au "mkoba mteja ameununua", ile -u- yakwambia kilichonunuliwa ni mkoba, ukipanga upendavyo. Kiingereza hakina -u-, kwa hivyo nafasi ya neno ndiyo yafanya kazi hiyo. Ukiandika "the bag the customer has bought" wao wanasoma "mkoba alionunua mteja" halafu wanangoja, haya, huo mkoba umefanyaje?

Sifa nazo zina foleni: maoni yako, ukubwa, umri, umbo, rangi, kinakotoka, kilichotumika kukitengeneza, jina mwisho. Ngozi haiondoki kwenye mkoba ndio maana inakaa ubavuni mwa "bag". Uzuri ni maoni yako tu, mwengine ataupinga, huo unakaa mbali kabisa.

TuktukLikoni
Maalim foleni yako ndefu kushinda ya feri saa kumi na moja jioni 😂 nani anaandika sifa saba, mbili tatu basi. Ila mbona hapo hamna koma na mimi nimeona mtu kaandika "a cheap, ugly bag"?

MaalimKisauni
Hizo ni za namna moja, zote maoni. Zigeuze uone, "ugly, cheap bag" yakubali, "leather brown bag" yakataa. Ikikataa usitie koma.

KaraniKilindini
Msiichukulie koma mchezo. Marekani, jimbo la Maine, madereva wa kampuni ya maziwa walidai ovataimu, sheria ikawa yataja kazi zisizolipwa ovataimu na mwisho wa orodha imeandikwa "packing for shipment or distribution". Hamna koma kabla ya "or". Madereva wakasema hapo ni kufunga tu, kufunga kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza, na sisi hatufungi twasambaza. 2017 korti ya rufaa ikaona sheria haiko wazi, ikawapa madereva haki, na 2018 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5. Mimi tangu niisome hiyo orodha za mizigo nazipitia mara mbili.

MamaMikoba
Milioni tano ya koma! Mimi hata mkoba mmoja sijauza. Haya nataka kumtumia hii, angalieni: "Sorry, I wrote it wrong. There is a discount for two bags. Each small brown leather bag has it's own strap."

TuktukLikoni
Mama hapo kwa "its" umetia kidude cha ng'ombe. Ukikitia inakuwa "it is". Kitoe.

MamaMikoba
Nshamtoa ng'ombe, nshatuma. Hajajibu lakini tiki mbili za buluu naziona.