Siku moja tu Livingstone na familia nzima: tuanzie wapi?

Baba Watatu (Kampemba)

Jambo yenu wote. Vakansi kubwa inakaribia, na mwaka huu nimewaahidi watoto kwamba tutatoka hapa Lubumbashi, tuvuke mpaka wa Kasumbalesa, tushuke hadi Livingstone, Zambia, wakaone maporomoko ya Mosi-oa-Tunya (Victoria Falls). Tutakuwa sita: mimi, mama yao, watoto watatu (miaka 13, 9 na 5) na mama mkwe wangu, anayetembea vizuri ila magoti yanamsumbua kwenye ngazi. Motoka ni yetu. Njiani tutalala Lusaka kwenda na kurudi, kwa hiyo Livingstone kwenyewe tuna siku moja nzima, kesho yake asubuhi tunageuza.

Mimi nataka vyote: maporomoko, mashua ya jioni, vifaru, makumbusho, soko, na tukiweza tuvuke upande wa Zimbabwe. Mke wangu anasema nimeanza tena. Mama mkwe amesema neno moja: "Mimi ninakwenda kuona maji." Aliyekwisha kwenda na watoto na mzee aniambie ukweli.

Dereva wa Kasumbalesa

Karatasi kwanza, maji baadaye. Kila mtu awe na pasoporti yake na kadi ya njano ya chanjo, hata huyo wa miaka 5. Mpakani ukikuta makamiyo yamejipanga kilomita na kilomita, usisimame nyuma yao, huo si mulongo wako. Ukishavuka, watu wanaendesha kushoto. Kama volan (usukani) yako iko kuume, kama motoka nyingi za Lubumbashi, basi kwa mara ya kwanza itakuwa upande wake. Na usitembee usiku. Kuna makamiyo yanayoharibika na kubaki katikati ya barabara bila taa.

Mama Mapacha (Katuba)

Baba Watatu, msikilize mkeo.

Sisi tulikwenda mwaka jana mwezi wa saba: mimi, baba mapacha, mapacha wenyewe (walikuwa na miaka 7) na mama yangu mzazi wa miaka 71. Siku moja inatosha, ila si kwa orodha yako.

Kosa letu lilikuwa asubuhi. Nyumba ya wageni tuliyolala ilituahidi chai saa moja, ikaja karibu saa tatu, na mkate umekauka. Tulipofika kwenye maporomoko mabasi ya watalii yalikuwa yamekwisha kumwaga watu. Nyinyi nunueni mikate jioni yake, chai muweke kwenye chupa, muondoke jua likichomoza. Kutoka mjini ni kilomita kama 10 tu, lakini mwende polepole, tembo huvuka barabara ile bila kumwomba mtu ruhusa. Mlangoni mgeni analipa zaidi ya Mzambia, msigombane.

Mwezi wa saba ni mzuri. Mwezi wa nne maji ni mengi mno, moshi wa maji unaficha kila kitu. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja upande wa Zambia unaweza kukuta mwamba mkavu na kijito hapa na pale. Makoti ya mvua wanakodisha, lakini sisi tulibeba yetu kutoka soko la Kenya (la kwetu hapa, si ile nchi). Simu ziingie kwenye mfuko wa plastiki. Kuna daraja jembamba la miguu linaitwa Knife Edge, hapo unaloa kama umesimama chini ya mfereji. Nilidhani mama atakataa. Akashika chuma, akaenda hadi katikati, akasimama. Pacha mmoja alikuwa anamsomea kibao, kwamba jina maana yake ni moshi unaonguruma. Mama akasema: "Mosi, moshi. Kumbe sijafika mbali."

Njia ya kushuka hadi kule chini mto unakochemka, Boiling Pot, muache mama mkwe wako. Ni mawe na ngazi, na kupanda tena ni kazi hata kwa kijana. Mgawanyike. Lakini anayebaki asiachiwe chakula! Nyani alimnyang'anya mama yangu mfuko wa mikate mikononi, akakaa juu ya ukuta, akafungua fundo kwa vidole kama mtu. Mama alimtukana kwa Kibemba chote anachokijua. Nyani akala.

Sasa sikia jambo ambalo hukuliweka kwenye orodha. Zimbabwe uiache, utapoteza nusu siku kwenye mihuri. Lakini nendeni DARAJANI. Kwenye ofisi ya mpaka upande wa Zambia waambieni mnataka kutembea juu ya daraja tu na kurudi, mtaandikiwa kikaratasi. Pasoporti muwe nazo. Ni mwendo mfupi, tambarare, magoti hayana shida. Daraja lina mita 198, na chini yako kuna mita 128 hadi majini. Treni, makamiyo na watu wa miguu, wote wanapita hapo hapo, na pembeni vijana wanajirusha wamefungwa kamba miguuni. Baba mapacha alitaka kujaribu, mama akamwuliza kama amekwisha kulipa minerval (ada ya shule) ya watoto.

Kwa nini ninaliweka mbele ya vifaru? Babu yangu, baba yake mama, alikuwa mtu wa reli hapa Lubumbashi. Siku zote alisema mji wetu uliletwa na treni kutoka kusini, nasi tulidhani ni maneno ya wazee. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 1905. Mwaka uliofuata reli ikafika Broken Hill, ndiyo Kabwe ya leo, na 1910 ikaingia Élisabethville, ndiyo Lubumbashi yetu. Tanuri ya shaba ya hapa kwetu ikawaka 1911, na mashine zilikuja kwa njia hiyo. Mama aliposimama pale aliuliza kama reli ni ile ile. Nikamwambia njia ni ile ile. Akaigusa nguzo, akakaa kimya kidogo, halafu akauliza kwa nini mahali pazuri hivi hakuna mtu anayeuza chai.

Mchana mrudi mjini. Makumbusho ya Livingstone ni ya tangu 1934, yana barua na vitu vya David Livingstone, yule Mskoti aliyefika kwenye maporomoko Novemba 1855. Watoto wangu walimpita haraka. Walisimama kwenye fuvu la Kabwe, la mtu wa kale sana, karibu miaka 300,000, lililochimbwa mgodini 1921. Lile ni nakala, lenyewe liko London. Pacha wa pili akauliza: "Tulipita Kabwe juzi, mbona London?" Mpaka leo nadaiwa jibu.

Soko la vinyago, Mukuni Park, liko karibu, unakwenda kwa miguu. Kijana mmoja alimwonyesha mume wangu kinyago cha kiboko cha malakiti, lile jiwe la kijani, akaapa jiwe hilo halipatikani ovyo, linatoka nchi ya mbali. Nchi gani? "Congo." Tulicheka hadi akakasirika. Mama akampa bei ya Lubumbashi, akakasirika zaidi, halafu akauza.

Yaya wa Ruashi

Mama Mapacha umesema vizuri, ila makumbusho saa nane mchana na mtoto wa miaka 5 ni adhabu kwa wote. Mimi ningempa huyo mdogo usingizi, halafu saa kumi mashua kwenye Zambezi. Mama mkwe anakaa kwenye kiti, viboko wanakuja wenyewe. Wangu hawajawahi kutulia vile, niliwaambia tu mamba wako chini. Na huyo wa miaka 13 akikuomba ile Devil's Pool aliyoiona kwenye simu, kidimbwi cha kuogelea ukingoni mwa maporomoko, mwambie hufunguliwa maji yakipungua. Mwezi wa saba hapana.

Mama Mapacha (Katuba)

Sawa yaya, mashua nakubali. Lakini huyo wa 13 na wa 9 waende makumbusho na baba yao wakati mdogo amelala.

Baba Watatu (Kampemba)

Aksanti sana wote. Nimefuta Zimbabwe na vifaru, mke wangu amekata mistari mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Asubuhi maji, kisha daraja, watoto wakubwa makumbusho, jioni mashua. Jana nilimsomea mama mkwe habari za reli. Kumbe mjomba wake alikuwa fundi wa reli Sakania, miaka 15 nimeoa kwake sijawahi kusikia. Sasa swali lake ni moja: kule mbele ya Lusaka bukari (ugali) inapatikana, au abebe unga wake?

Mama Mapacha (Katuba)

Nshima yao ni bukari ile ile. Lakini mwache abebe. Wangu alibeba kilo tano, akarudi na mbili.