Mhadhara wa umma Makerere: fundi cherehani naye anaruhusiwa kuuliza swali?

FundiWaWandegeya aliandika:

Habari zenu wana jukwaa. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda Wandegeya. Kazi yangu kubwa ni gomesi, lile gauni refu la heshima la wanawake wa Uganda, na msimu wa mahafali ukifika nashona majoho pia. Kwetu ni Busia, mpakani na Kenya, ndiyo maana naandika Kiswahili. Kiingereza nakisikia vizuri, ila nikisimama mbele za watu maneno yote yanakimbia.

Jirani yangu wa fotokopi amebandika tangazo mlangoni: mhadhara wa umma kuhusu historia ya mavazi Uganda, Jengo Kuu la Makerere, saa nane mchana, hakuna kiingilio, wote mnakaribishwa. Miaka yote hii nashona majoho ya kuvaliwa huko juu, lakini ndani ya ukumbi ule sijawahi kutia mguu.

Sasa nina swali langu. Wateja wengi wanasema gomesi ya kwanza ilishonwa na Mgoa, Caetano Gomes, kwa ajili ya wasichana wa shule ya Gayaza. Sawa, sibishi. Lakini angalieni nguo yenyewe: shingo ya mraba, mabega yaliyochongoka, vifungo viwili upande wa kushoto, mkanda unafungwa chini ya kiuno, na ndani mtu anavaa kikoi ili kitambaa kisimgande. Mama mwenye mwili wake namkatia mita sita. Kitambaa nikibadili, hata kikiwa hariri ya bandia ya China, hakuna anayelalamika. Mikono nikiifupisha wanacheka tu. Ila bi harusi akiniambia niondoe vile vifungo viwili niweke zipu mgongoni, kesho yake mama mtu yuko kibandani na nguo mkononi, na sipokei hata salamu. Kwa nini vifungo? Nani aliamua, fundi, wamisionari, au wanawake wenyewe waliokuwa wakiivaa? Nataka profesa anijibu hilo.

Naogopa mambo haya: getini wataniuliza kitambulisho cha mwanafunzi? Niliwahi kwenda chuo kingine, sitakitaja, askari akanirudisha hata kabla sijamaliza kusema shikamoo. Pili, naweza kuuliza kwa Kiswahili? Na nikibeba gomesi moja ya kuonyesha nitaonekana mshamba?

MwalimuMstaafuJinja alijibu:

Dada fundi, nenda. Mihadhara hii naifuata tangu nistaafu, na kitambulisho cha taifa kinatosha. Begi litakaguliwa. Ukiulizwa unakwenda wapi, taja jengo na mhadhara, usiseme "napita tu", hapo ndipo watu wanapokwama. Jengo Kuu ni lile lililoungua Septemba 2020. Limejengwa upya na kufunguliwa tena 2024, hata kulitazama tu inafaa.

Saa nane ya tangazo mara nyingi huwa saa tisa, maana mgeni rasmi husubiriwa. Kabla ya kuanza mtasimama kwa nyimbo tatu: wa taifa, wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na wa chuo. Ule wa Jumuiya ni wa Kiswahili, na hapo utawaona wasomi wazito wanachezesha midomo wakisubiri kiitikio. Wewe uimbe wote, kwa sauti.

Kaa kiti cha pembeni, karibu na njia ya kupita. Kijana mwenye kipaza sauti anampa aliye karibu naye, aliye katikati ya safu hafikiwi. Na gomesi ubebe. Gayaza ilianza 1905, kwa hiyo nguo hiyo ina historia ndefu, na huenda wewe ndiye pekee ukumbini unayejua kuikata.

KijanaWaLumumba alijibu:

Mama, mwalimu amekupamba sana. Mimi nasoma hapa, nikupe ukweli. Nusu ya wanaojaza viti wamefuata soda na sambusa. Muda wa maswali ukifika atasimama mzee mmoja aseme "sina swali, nina mchango", na huo mchango utamaliza dakika zote. Wengine mtaambiwa muulize nje.

Kuhusu Kiswahili, usijaribu. Wazee wa Kampala wakikisikia bado wanamkumbuka askari wa vizuizi vya barabarani enzi za Amin, aliyewaamrisha kwa lugha hiyo. Lete swali, nikuandikie kwa Kiingereza kwenye karatasi, umpe mwendesha mjadala mapema.

Au achana na ukumbi mkubwa. Nenda FEMRITE, chama cha waandishi wanawake, pale Kamwokya Jumatatu jioni. Wana kikao cha wasomaji na waandishi, watu wachache, kila mtu anasikika.

MjukuuWaBombo alijibu:

Kijana, taratibu. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu katiba iliporekebishwa 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likakubali tena kitumike rasmi. Haya mambo ya askari tunayajua, sisi wa Bombo, mji wa kambi ya jeshi, tunayajua kuliko wewe. Lakini mpaka lini mama wa Busia afunge mdomo kwa sababu ya Amin?

Na Makerere hiyohiyo, Ali Mazrui wa Mombasa alifundisha kuanzia 1963 mpaka 1973. Babu yangu alikuwa karani mjini, hakusoma chuo chochote, na alikuwa akipanda mlima jioni kumsikiliza. Alisema watu wa mjini walikuwa wengi ukumbini kuliko unavyodhani. Alihutubia kwa Kiingereza, ndiyo, hilo nakupa.

Suala la lugha pale ni la zamani. Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana Makerere, akina Achebe, Soyinka, na Ngũgĩ akiwa bado mwanafunzi. Mkutano ulikuwa wa wanaoandika kwa Kiingereza tu. Shaaban Robert, aliyekuwa ameandika vitabu tele hapohapo jirani Tanga, hakuhesabiwa, na akafariki mwezi huohuo. Ngũgĩ alikuja kulilalamikia jambo hilo baadaye. Dada, uliza kwa Kiswahili. Wakitaka tafsiri, watatafuta mtu, ukumbi mzima hauwezi kumkosa.

FundiWaWandegeya alijibu:

Asanteni wote, mwalimu shikamoo. Nimeamua. Nitauliza kwa Kiswahili, na KijanaWaLumumba ataandika hiyo karatasi ya Kiingereza endapo mwendesha mjadala atakunja uso. Mwanangu, usiniandikie Kiingereza cha vitabuni. Andika vifungo viwili, kushoto, na uulize nani aliamua, basi. Usiongeze "mchango".

Gomesi nitakayobeba ni ya mteja wa Mukono, ya zambarau, amenikubalia mradi isirudi na doa la soda. FEMRITE nitakwenda pia, Jumatatu jioni kazi huwa chache.

Limebaki moja, mwalimu: binti yangu wa kidato cha pili anataka kuja naye. Atatoka shule saa kumi. Akifika mhadhara umeshaanza, mlangoni watamruhusu, au nimwombee ruhusa mapema?