Timu imefungwa mechi zote 16 na bado iko ligi kuu?

Kipara Ngoto:
Wakuu, naomba kueleweshwa. Mimi ni mtu wa soka, huu mpira wa Marekani wa kubeba mikononi nimeanza kuufuatilia juzijuzi tu. Jana nimekutana na msimamo wa NFL wa 2017, nikadhani umekosewa: Cleveland Browns, kushinda 0, kufungwa 16. Mwaka mmoja kabla yake, kushinda 1, kufungwa 15. Halafu 2018 wamo kwenye ligi ile ile kana kwamba hakuna kilichotokea! Hawa hawashuki daraja? Na timu ya kulipwa inafungwaje mechi zote bila kubahatisha hata moja?

Kipenga:
Hakuna daraja la kushukia, mkuu. Timu ni 32, hizo hizo kila mwaka. Hela kubwa ya televisheni wanagawana sawa, bingwa na wa mkiani. Na kwenye drafti, pale wanapochaguliwa vijana wanaotoka vyuo vikuu, wa mkiani ndiye anayeanza kuchagua. Kwa kifupi ukifungwa sana unapewa zawadi.

Baba Nuru:
Kipenga kasema kweli, ila hiyo "zawadi" ndiyo iliyotumaliza. Nilihamia Cleveland 2015, na ugonjwa wa Browns niliambukizwa na mzee jirani yangu, mtu aliyeshuhudia timu ikihamishiwa Baltimore baada ya msimu wa 1995 na bado akaipokea iliporudi 1999. Kwa hiyo haya niliyaona mwenyewe.

Kwanza futa picha ya timu iliyokuwa ikichakazwa kila Jumapili. Mechi nne tulifungwa kwa pointi 3 tu: Pittsburgh 21-18, Indianapolis 31-28, Jets 17-14, Tennessee 12-9. Iliyoniuma ni ya Green Bay, 10 Desemba, nyumbani. Robo ya mwisho tunaongoza 21-7. Nikampigia simu mke wangu kazini: leo ndiyo leo! Wakasawazisha, wakatumalizia muda wa nyongeza, 27-21. Hadi leo mama Nuru akitaka kunikera anasema "leo ndiyo leo", basi, naondoka sebuleni.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa kupoteza mpira. Kotabeki, yule anayerusha pasi, alikuwa DeShone Kizer, kijana wa miaka 21, katoka chuoni moja kwa moja akapewa usukani mechi ya kwanza. Pasi zake 22 zilidakwa na wapinzani, nyingi kuliko za mtu mwingine yeyote kwenye ligi mwaka ule. Wengine walimtukana, mimi sikuweza. Hakujipanga mwenyewe.

Waliompanga ndio wa kuulizwa. Viongozi walikuwa wameamua kuuza nafasi nzuri za kuchagua kwenye drafti ya leo ili wapate nafasi nyingi za kesho. Drafti ya 2016 walikuwa na nafasi ya 2, wakaiuza kwa Philadelphia, nao wakamchukua kotabeki Carson Wentz. 2017 wakawauzia Houston nafasi ya 12, nao wakamchukua kotabeki Deshaun Watson. Sisi tukabaki na akiba ya nafasi, na uwanjani hatuna wa kurusha mpira. Februari 2018 Philadelphia wakabeba Super Bowl. Wentz alikuwa ameshaumia goti, lakini ndiye aliyewavusha sehemu kubwa ya msimu. Niliangalia fainali ile na mzee. Hatukusemeshana.

Na hapo sijamtaja Joe Thomas. Tangu 2007 alisimama mstari wa mbele kumlinda kotabeki, mara 10,363 mfululizo za mpira kuanzishwa bila kukosa hata moja, huku makotabeki wakipishana mgongoni kwake kama wapangaji wa gesti. Oktoba 2017, mechi ya Tennessee, msuli wa mkono ukachanika. Nilikuwepo uwanjani. Wakati anatoka watu walisimama, na jamaa mmoja mbele yangu alivua kofia kama yuko mazishini. Hakucheza tena. Miaka yote 11, hakuonja mechi hata moja ya mtoano.

Kipara Ngoto:
Dah! Na mashabiki mlifanyaje? Hamkuvunja viti?

Baba Nuru:
Tuliandamana. Mechi ya mwisho, 31 Desemba kule Pittsburgh, tuko nyuma 28-24, zimebaki chini ya dakika mbili, pasi ya mwisho ikamfikia Corey Coleman mikononi kabisa. Akaiachia. Siku sita baadaye, baridi iko chini ya sifuri, watu kwa maelfu wakauzunguka uwanja ili njia yenyewe ichore sifuri. Kikakusanywa na chakula cha wahitaji. Baadhi ya wachezaji walichukia, na mzee wangu naye alikataa kuja, akaniambia msiba hauchezewi ngoma. Mimi nilienda, vidole vikafa ganzi.

Kipenga:
Yule kocha aliyeahidi kuogelea ziwani je?

Baba Nuru:
Hue Jackson. Baada ya 1-15 alisema ikijirudia ataingia Ziwa Erie. Haikujirudia, ilizidi! Juni 2018 akatimiza ahadi, akaingia majini kweli, na mwishoni mwa Oktoba akafukuzwa kazi.

Ila ushindi alituachia. 20 Septemba 2018, nyumbani na Jets, siku 635 tangu tuliposhinda mara ya mwisho. Tuko chini 14-0, kotabeki wetu kaumia, akaingia Baker Mayfield, kijana tuliyemchagua wa kwanza mwaka ule. Ikaisha 21-17. Kwenye baa za mjini kulikuwa na friji za bia zilizofungwa kufuli zikisubiri siku hiyo, zikafunguka zenyewe. Mimi nilitoka nje na ndala nikaenda kumgongea mzee dirishani. Alikuwa ameshalala tangu ile 14-0, na aliponiona akadhani nimeleta habari ya kifo.