Rafu ya chupa za Neema

Neema: Shikamooni wakubwa. Naomba ushauri. Nataka rafu ndogo ya mvinyo, na nyumba yangu mnaijua, jiko na sebule ni chumba kimoja. Nimeona moja ya mbao ya chupa 12, inaenea kabisa juu ya friji. Niichukue?

Shangazi Tabitha: Marahaba mwanangu. Juu ya friji hapana!

Mjomba Daudi: Marahaba Neema. Shangazi yako kasema kweli. Friji hutoa joto nje ili ndani pawe baridi, na lile joto hupanda juu. Halafu mota ikiwaka chupa zinatetemeka, mchana na usiku. Mvinyo unataka mahali pa ubaridi wa wastani pasipobadilikabadilika. Nyuzi 12 au 13 ndizo bora, ila chupa za kunywa ndani ya mwaka hazidhuriki kwenye 18. Kinachoua ni joto kali, na lile la kupanda mchana na kushuka usiku: kimiminika kinatanuka, kinasukuma kizibo, hewa inapata njia. Ladha ya matunda yote inakwisha.

Neema: Basi niziweke ndani ya friji?

Mjomba Daudi: Siku chache sawa. Miezi, hapana, kizibo kitakauka.

Baraka: Dada, chukua futi upime kabla hujalipa. Chupa ya kawaida ya mililita 750 ina upana wa kama sentimita 7.5 na urefu wa 30 hivi. Shampeni ni nene zaidi, inakaribia 9, na matundu ya rafu nyingi za mbao haiingii. Kama unazipenda, tafuta ya vyuma iliyo wazi.

Neema: Na ya kutundika ukutani je? Nimeona nzuri sana.

Baraka: Nzuri kweli, lakini chupa iliyojaa ni kilo 1.2 mpaka 1.5. Kumi na mbili zinaweza kufika kilo 18, bado rafu yenyewe. Ukuta wako wa sebuleni ni wa jipsamu, skrubu zitang'oka. Usithubutu, na mtoto anapita hapo chini.

Shangazi Tabitha: Huyo mtoto ndiye ninayemuwazia mimi. Anashika kila kitu.

Mjomba Daudi: Neema, chupa ulizonazo zina vizibo vya gome au vifuniko vya kusokota?

Neema: Ngoja nitazame… Nyingi za kusokota. Zenye kizibo ni nne tu.

Mjomba Daudi: Basi huhitaji rafu ya 12. Tunalaza chupa ili mvinyo uguse kizibo kisikauke. Za kusokota zinaweza kusimama popote penye giza na pasipo joto. Chukua ya chupa sita, zile zinazopandana, siku zikiongezeka unaongeza nyingine juu yake.

Shangazi Tabitha: Na kabati la viatu pale koridoni? Chini kabisa, sakafuni. Kuna giza, jiko liko mbali, na mlango una kitasa cha juu mtoto asichokifikia.

Neema: Shangazi, nilitaka wageni waione jamani 😅

Shangazi Tabitha: Wageni wataiona mezani. Sebule yako jua linaingia asubuhi yote.

Mjomba Daudi: Hilo la jua ni zito. Mwanga unaharibu mvinyo, hasa ulio kwenye chupa isiyo na rangi. Kioo cha kijani au kahawia kinakinga kidogo. Mimi naunga mkono kabati.

Baraka: Kina cha kabati ni ngapi? Usisahau unene wa rafu, na shingo ya chupa isigonge mlango.

Neema: Sentimita 35. Nimelaza chupa moja sasa hivi na kufunga mlango, upenyo wa vidole viwili umebaki. Naagiza ya sita. Viatu vya mvua navihamishia kibarazani.