Tupeane uzoefu: ekstensheni za JUnit zinazotegemeana zikianza kinyume

testi_nyekundu: Wakuu, leo nimetoneshwa kidonda. Bildi imegoma, kumbe kwenye JUnit (zana ya kupima kodi ya Java) ekstensheni, yaani kipande cha kuongezea testi kazi, ya kujaza data imetangulia ile inayowasha databesi. Yaliyowahi kuwakuta mje mmwage hapa.

mama_koda: Mie hapa! Siku nzima nimepoteza.

kipanga: Yangu ilianzia kwenye jina tu jamani. Klasi ilikuwa na fildi mbili za @RegisterExtension (alama inayosajili ekstensheni iliyo kwenye fildi), moja inaitwa db inawasha databesi, nyingine inaitwa data inajaza jedwali. Miezi na miezi kijani tupu. Siku moja nikasafisha kodi, db nikaibadilisha jina ikawa database, basi, sijagusa kingine, nikasukuma nikaenda kulala. Asubuhi testi zote chali, "connection refused" (databesi haipokei muunganisho) mwanzo mwisho, nikalaumu mtandao, nikalaumu konteina, nikamgombeza mwenzangu aliyegusa porti wiki ile, na nilimwonea kabisa. Jioni ndo nikafungua kodi ya JUnit yenyewe nikakuta fildi zinapangwa kwa hashCode ya jina, yaani namba ambayo Java inaikokotoa kutoka kwenye herufi zake, ndogo ndo inatangulia! Nikapiga hesabu: db ni 3198, data ni 3076010, database ni 1789464955. Yaani kwa kubadilisha jina tu nimeitoa mbele nikaipeleka nyuma. Nilimrudia yule mwenzangu nikamwomba radhi.

mama_koda: Weee, hashCode?? Kumbe yangu ndo ilikuwa hiyo.

testi_nyekundu: Mkuu ngoja nikaangalie nani kagusa majina huku kwetu.

nyundo: Wekeni @Order (alama ya kupanga zamu) kwenye fildi, databesi 1, data 2, kwisha. Isiyo na @Order inahesabiwa Integer.MAX_VALUE / 2, namba kubwa mno, kwa hiyo namba ndogo lazima itangulie.

bila_kona: Sikubaliani. Ekstensheni zikitegemeana hivyo ziunganishe iwe moja, namba ni kuficha ugonjwa.

nyundo: Utaunganishaje ya databesi uliyoipata kwenye maktaba ya watu?

bila_kona: Unaifunga ndani ya yako unaiita mwenyewe. Nimefanya na inatembea.

nyundo: Halafu kila toleo jipya likitoka unaanza upya. Haya.

mkongwe4: Tuliotoka JUnit 4 tulikuwa na RuleChain tangu 4.10, mnyororo wa kupanga rules (ndo zilikuwa ekstensheni za enzi hizo), ya nje na ya ndani unaziona kwa macho. Siku hizi natumia @ExtendWith, alama ya kusajili ekstensheni juu ya klasi, ile inafuata mpangilio ulioandika, na nazikusanya kwenye anotesheni (alama ya @) moja ya kwetu ili mtu asizipindue.

kipanga: Hiyo ya anotesheni nzuri sana. Ila chunga, za @ExtendWith juu ya klasi zinasajiliwa kabla ya fildi.

jua_kali: Mie ilinila fildi ya ekstensheni isiyo static (si ya klasi nzima). BeforeAll, hatua ya kabla ya testi zote, haikuitwa kabisa na wala hailalamiki, inakaa kimya.

mama_koda: Na kwenye kufunga je, namba nigeuze?

mkongwe4: Usigeuze dada. Hatua za After (za baada ya testi) zinarudi kinyumenyume zenyewe, iliyotangulia kuingia ndo ya mwisho kutoka, databesi inazimwa data ikishafutwa.

testi_nyekundu: Nimerudi. Ni jina kweli, kuna mtu kabadilisha fildi juzi. Nimeweka @Order 1 na 2, testi zote kijani. Naenda kumweleza kabla wengine hawajamrukia.